Arobaini ya Shangazi, Mia ya Daktari

Mimi nimezaliwa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na ndevu. Hazikudumu. Zilipukutika wiki ile ile pamoja na nywele na nyusi, nikabaki na kichwa kitupu kama yai la bata. Lakini nilizaliwa, na aliyenilea katika uzao huo wa pili ni Shangazi Mwanakombo, ambaye leo tunamfanyia arobaini hapa Nguvumali, Tanga. Tangu asubuhi ua umejaa watu. Masufuria ya pilau yameinjikwa, wanawake wanamenya vitunguu na kutoka machozi yasiyokuwa ya msiba, na binamu yangu Mwanahamisi, bintiye Shangazi, anapita huku na huko akitoa amri kwa sauti ileile ya mama yake. Amenikuta nimesimama mlangoni mwa chumba cha uani, nakitazama. "Wee Athumani," ameniambia, "humo ulishatolewa zamani. Njoo ubebe viti." Nimebeba viti. Lakini moyo umebaki chumbani, na kwa kuwa hitma haisomwi mpaka baada ya alasiri, nina wasaa wa kusimulia mwaka ule nilioishi humo, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nikihesabiwa siku kwa hesabu mbili zisizopatana.

Habari za ukoo niziache, maana kila mtu ana ukoo. La kujua ni kwamba Shangazi alikuwa mkandaji wa wazazi. Mwanamke wa mitaa yetu akijifungua, aliyeitwa ni yeye. Alikwenda na mafuta yake ya nazi, akachemsha maji, akamkanda mzazi tumbo na mgongo, akamfunga kanga ikakaza, akamnywesha uji wa pilipili manga mpaka jasho likamtoka, akamwogesha na mtoto, na kazi hiyo akaifanya kila siku hadi ya arobaini. Siku hiyo ndiyo mtoto hutolewa nje. Shangazi mwenyewe humbeba, akamzungusha nyumba nzima, akamwonyesha jiko, kisima, mlango wa mbele na njia, ili ajue pa kula, pa kunywa na pa kupita. Kabla ya arobaini hatoki mtu, alisema, na baada ya arobaini habaki mtu ndani. Alikuwa na jambo moja la kujivunia, na hakulificha: katika miaka yote ile hakuwahi kupoteza mzazi wala mtoto ndani ya siku zake arobaini.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli, na katika mji huu fundi baiskeli hakosi kazi. Kwanza tezi za shingo zilinivimba, nikatibiwa, zikanywea, nikarudi kwenye spana zangu nikijiona mshindi. Mwaka haukuisha zikarudi, na safari hii madaktari waliongea kwa sauti ya chini. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa India. Wangenitoa mbegu za damu yangu mwenyewe, wazigandishe, kisha wanitie dawa kali itakayoua kila kilichomo ndani ya mifupa, kibaya na kizuri, halafu wanirudishie zile mbegu ziote damu mpya. "Ni kama kuchoma shamba na kupanda upya," daktari alieleza. Nikamwuliza, na mbegu zisipoota? Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema tuombe Mungu. Ukoo ulipokaa kuamua nani anisindikize, Shangazi alishafunga mzigo. Walimwambia hajui Kiingereza, hajawahi kupanda ndege, na miguu yake inavimba. "Mtu anayetengenezwa damu upya ni mzazi," aliwajibu, "na wazazi ni kazi yangu. Nyie mnajua nini?"

Siku yenyewe ya kurudishiwa mbegu nilitegemea jambo kubwa. Ulikuja mfuko mdogo, ukubwa wa embe bolibo, ndani yake maji mekundu yaliyopauka, na chumba kizima kikanuka mahindi yaliyochemshwa. Muuguzi, mama mnene mwenye kicheko, alinishika bega akasema kwa Kiingereza kwamba leo ndiyo siku sifuri, siku yangu ya kuzaliwa. Shangazi akauliza, kasemaje? Ningeweza kumweleza kwamba huo ni msemo wao wa hospitali, maneno ya kumpa mgonjwa moyo. Lakini kichefuchefu kilikuwa kimenishika kooni, nikafupisha. "Anasema leo nimezaliwa." Shangazi aliutazama ule mfuko mpaka tone la mwisho, kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na robo. "Mtoto wa saa tano," akasema kwa sauti ya kikazi, "inshallah hatasumbua." Nami nilicheka, ingawa kucheka kuliuma, nikidhani tunataniana.

Yeye hakuwa akitania hata kidogo. Siku ya saba, mdomo wangu umechanika vidonda hata mate siwezi kumeza, nilimsikia akipiga simu Tanga kuagiza mbuzi wa akika, wa kuchinjiwa mtoto mchanga. Upande wa pili alikuwa imamu wa msikiti wetu, na Shangazi alizungumza kwa nguvu kama vile waya hauaminiki. "Najua akika ni mara moja. Basi iite sadaka. Iite jina lolote upendalo, lakini mbuzi achinjwe leo hii, kabla ya adhuhuri." Nyumbani wakamla mbuzi, mimi nikila kwa mrija. Siku ya kumi na moja daktari aliingia na karatasi ya vipimo, akatuonyesha tarakimu moja ndogo: chembe nyeupe zimeanza kuonekana, mbegu zimeshika. Nilipomtafsiria Shangazi, aliinuka kitini akashika ukuta. "Kitovu kimeanguka," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza. Alilia waziwazi, akijifuta kwa ncha ya mtandio, na yule muuguzi mnene akalia naye bila kujua ni kitovu gani.

Tulirejea Tanga siku ya thelathini na moja, na chumba cha uani kilikuwa kinanisubiri. Mwanahamisi alikuwa amekipaka chokaa, ameondoa mkeka, mapazia na zulia la kuswalia la zamani, kikabaki kitanda, meza na dirisha linalotazama kisima. Paka wa nyumba hii alihamishiwa Maramba juu ya lori la mahindi, kwa jamaa zetu wakulima, maana karatasi ya madaktari ilikataza paka. Ilikataza mambo mengi: kachumbari, matunda yasiyomenywa, chakula kilicholala, maua, vumbi, kushika udongo. Jambo lililomchoma Shangazi kuliko yote ni kwamba ilikataza kukandwa, kwa kuwa damu yangu ilikuwa bado nyepesi na kubonyezwa kidogo tu kungenivilisha damu chini ya ngozi. Mwanamke aliyeishi kwa mikono yake akaambiwa asiniguse. Aliweka uji wa pilipili manga mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama ameifumbata mikono kifuani, hajui aiweke wapi.

Uji ule niliunywa asubuhi na jioni. Mchana ni wali wa moto na mchuzi wa kuku wa kienyeji, na mara nyingine bada, ugali wa muhogo, kwa samaki aliyechemshwa mpaka akasahau bahari. Vyote nilikula peke yangu, nikisikiliza dunia kupitia dirishani. Wanawake waliokuja kuchota maji hawakujua kwamba nawasikia, au walijua na hawakujali. "Ati mgonjwa wenu ni mzazi au mtoto?" mmoja alimwuliza Mwanahamisi. "Vyote viwili," akajibu. "Haya, na baba wa mtoto ni nani?" Walicheka mpaka ndoo ikamwagika. Nami nilicheka kimyakimya kitandani, kisha nikasikia kengele za baiskeli zikipita barabarani, nikazitambua moja moja, hii ya fulani niliitengeneza mimi, ile mnyororo wake unataka kukazwa. Kijana wa miaka ishirini na mmoja akifungiwa chumbani, akili yake hufanya kazi ya wizi. Na wizi wenyewe nilishaufanya.

Ilikuwa hivi. Siku ya pili baada ya kurejea, Shangazi aliniletea ile karatasi ya madaktari nimsomee yote, mstari kwa mstari, kwa sababu ilikuwa kwa Kiingereza. Aliketi kwenye kibao, umbali wa hatua mbili, mimi nikaweka kidole na kutafsiri. Mstari wa kwanza, joto la mwili lipimwe asubuhi na jioni. Wa pili, likifika thelathini na nane, mgonjwa akimbizwe hospitali. Wa tatu, damu ipimwe kila wiki hadi siku ya mia. Wa nne ulikuwa umepigiwa mstari chini: hata mgonjwa akijiona mzima kabisa, asitoke kwenye watu wala asikusanyiwe watu kabla ya siku ya mia, kwa maana anaweza kufa kwa mafua ya kawaida. Niliusoma kwa macho. Nikaona siku nyingine sitini na ushee za ukuta mweupe. Kidole changu kikashuka kwenye mstari wa tano, nikasema, "Maji ya kunywa yachemshwe." Shangazi akaitikia kwa kichwa. Akaniuliza, ni hayo tu? Nikasema ni hayo tu. Akakunja karatasi, akaichomeka chini ya godoro. "Basi mia ni ya vipimo," akasema. "Kutoka, utatoka kwa arobaini."

Nani angemlaumu? Arobaini alizijua yeye, na zilikuwa hazijamwangusha. Siku ilipofika aliniamsha mapema, nikaoga maji yaliyochemshwa na majani ya mkadi, akanivisha kanzu mpya na kofia juu ya kichwa changu kilichoanza kuota malaika laini kama ya mtoto kweli. Ubani ulifukizwa mpaka nikakohoa. Ua ukajaa majirani kama ulivyojaa leo, vigelegele vikapigwa, na Shangazi, kwa kuwa hakuweza kunibeba, akanishika upindo wa mkono wa kanzu tu, asiniguse ngozi, akanizungusha. "Hili jiko," akasema mbele ya watu wote, "hapa utakula. Hiki kisima, hapa utakunywa. Huu mlango, na ile njia, pita kwa salama urudi kwa salama." Wanawake wakaitikia amina huku wakiziba midomo wasicheke, jitu zima linaonyeshwa jiko. Mimi sikucheka. Nilisimama kwenye njia ile, jua likanipiga usoni, nikasikia furaha ambayo mpaka leo sijapata ya kuifananisha nayo. Kisha nikakaa kwenye jamvi na watu. Nilipeana mikono na kila aliyenyoosha mkono. Jirani yetu Bi Riziki, Mpemba mwenye huruma zake, alinibusu viganja vyote viwili huku akivuta kamasi. Palikuwa na pilau, na kando yake bakuli la kachumbari yenye ndimu na pilipili mbichi. Shangazi alikuwa jikoni. Nilikula kachumbari ile mpaka bakuli likabaki na maji.

Siku ya arobaini na tatu, mchana, niliona baridi kali na jua linawaka. Mwanahamisi akanitia kipimajoto kwapani, akakitazama, akakitikisa, akanitia tena. Kilikuwa kimekaribia thelathini na tisa na nusu. Nakumbuka teksi, nakumbuka mikono ya watu, na dari la wodi lenye doa la maji lililokaa mithili ya buli. Madaktari wa hapa Tanga walifanya kazi ya kweli. Walinitundikia dripu mbili kwa pamoja, wakawapigia simu wenzao wa India, wakanipima damu, na zile chembe nyeupe tulizozililia kwa furaha zilikuwa zinapungua kila asubuhi. Siku ya tatu wodini daktari kijana, mpole, alisimama kwenye miguu ya kitanda akiwa ameshika ile karatasi, ambayo Mwanahamisi aliichomoa chini ya godoro akamletea. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Imeandikwa hapa waziwazi," alisema. "Nani aliyewaambia mkusanye watu?"

Nilikuwa macho. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu kwa miezi mingi nilijidanganya kwamba homa ilinifunga ulimi. Ulimi ulikuwa mzima. Nilitazama doa la dari. Shangazi ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, maana alikataa kuvuka kizingiti cha wodi tangu siku ya kwanza. "Ni mimi, baba. Karatasi alinisomea, mimi nikashika yangu. Mtoto hana kosa." Daktari akasema, "Mama, hii mila yenu ingemuua." Akasema, "Ndiyo, baba." Baadaye, dirisha likiwa wazi, nilimsikia kwenye baraza la wodi akizungumza na bintiye. "Mikono hii imelea watoto ambao sasa wana watoto. Hakuna aliyeniponyoka ndani ya arobaini. Na huyu nimemtimizia arobaini zake zote, ndipo anakwenda." Mwanahamisi akamwambia, "Mama, Athumani hajafa." Shangazi akajibu, "Najua hajafa. Ndiyo maana nalia kidogokidogo." Niligeukia ukutani. Nilijiapiza kwamba nikipona nitasema, na nikajua pia, kama mtu ajuavyo udhaifu wake, kwamba nikipona haitakuwa rahisi kusema.

Nilipona. Homa ilishuka siku ya sita, chembe zikaanza kupanda tena polepole, na siku ya hamsini na tatu nikarudishwa kwenye chumba changu cha chokaa. Kuanzia hapo Shangazi aliihamia hesabu ya daktari kama mtu aliyesilimu jana. Kila asubuhi alisimama kizingitini akitangaza, "Leo hamsini na nne. Zimebaki arobaini na sita," na mimi nikitoa kipimajoto na kusoma kwa sauti. Aliacha kwenda kukanda wazazi, asije akaniletea ugonjwa kwenye nguo zake. Walikuja kumwita mpaka kutoka Moa, waume wamekodi bodaboda na jasho linawatoka, naye akawarudisha kwa maneno mazuri, akawaelekeza kwa mkandaji mwingine ambaye siku zote alimdharau. Mgeni yeyote hakupita mlango wa ua. Imamu mwenyewe alikuja kunizuru, Shangazi akamwekea kiti barazani. "Sheikh, dua haina ukuta. Iombe hapohapo, itamfika." Bi Riziki alileta vibibi vya nazi akaviacha juu ya ukuta, akalia kwa kuwa alisikia kwamba mafua yake ndiyo yaliyoniangusha. Shangazi akamwambia asilie, kosa halikuwa la pua yake. Mimi nilikuwa ndani nasikia, na kila neno kama hilo lilinikaa kifuani.

Siku ya mia haikuwa na kitu. Watu walitegemea karamu, na baadhi ya majirani walishaanza kumtania Shangazi kwamba sasa atafanya mia kwa ng'ombe. Alikataa katakata. Asubuhi tulikwenda kupima damu, mimi na yeye, kila mmoja kwenye ncha yake ya benchi. Daktari kijana alisoma majibu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akanipa mkono. Damu imesimama. Tezi hakuna. "Sasa tunaweza kuanza kuzungumza habari za maisha," akasema. Tulirudi nyumbani kwa miguu, jambo ambalo nililiomba, na njiani nilisimama kwa kila fundi baiskeli nikasalimia. Jioni Shangazi aliniletea sinia kama kawaida, wali na mchuzi, lakini hakurudi nyuma hatua mbili. Alivuta kibao, akaketi karibu, akala nami kwenye sinia moja. Nilikuwa na sentensi yangu mdomoni, nikaimeza na wali.

Mwaka ulipotimia ndipo lilipokuja jambo ambalo mpaka leo Mwanahamisi hulisimulia harusini. Ile dawa kali ilikuwa imefuta hata chanjo zangu za utotoni, kwa hiyo nilitakiwa kuchanjwa upya, zilezile za watoto wachanga. Basi nikaenda kliniki siku ya watoto, jitu lenye ndevu mpya, nikaketi kwenye benchi baina ya akina mama na vichanga vyao, na Shangazi pembeni yangu ameshika kadi. Alikuwa amerudi kwenye maji yake. Nusu ya wanawake pale alishawahi kuwakanda, wakamrundikia watoto mapajani, "Shikamoo Bi Mwanakombo, hebu mtazame huyu, mbona hanenepi," naye akiwapapasa matumbo na kutoa hukumu. Muuguzi akaita jina langu, akatazama kadi, akatazama benchi. "Mtoto yuko wapi?" Shangazi akaninyooshea kidole. "Ndiye huyu. Ana mwaka mmoja." Benchi zima liliangua kicheko, watoto wakashtuka wakalia, na muuguzi akasema nisubiri, kwanza amalize kucheka. Ni katika kicheko hicho nilipoona kwamba nisiposema sasa sitasema kabisa.

"Shangazi," nilimwambia kwa sauti ya chini, "ile karatasi. Nilipokusomea, kuna mstari niliuruka."

Alikuwa anamfunga mtoto wa mtu nepi. Hakuinua macho. "Wa nne," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mstari wa nne. Kiingereza sikijui, mwanangu, lakini chuoni nimesoma Kurani kwa kidole, miaka saba, kwa mwalimu mwenye bakora. Mwanafunzi akitaka kumwibia mwalimu, mdomo huendelea kama kawaida. Kidole ndicho kinachoruka. Nawe kidole chako kiliruka."

"Na mbona hukuniambia?"

Akamaliza kufunga nepi, akampa mama mwanawe, akakunja mikono mapajani. "Kwa kuwa nilifurahi. Niliona kidole kinaruka nikasema, alhamdulillahi, kumbe hakuna cha kunizuia, arobaini yangu naipata. Wewe ulitaka jua, mimi nilitaka sifa. Daktari alipouliza, nilijibu yangu. Yako nilikuachia mwenyewe uilete siku ukiwa na nguvu za kuibeba." Kisha akanitazama, na macho yake yalikuwa yamelowa, lakini anacheka. "Umechelewa, Athumani. Ningalikuwa nimekufa je?" Nililia pale kwenye benchi la kliniki, na akina mama wakadhani naogopa sindano, wakanipa moyo. Jioni mkono ulivimba pale nilipochomwa. Shangazi alichemsha maji, akapasha mafuta ya nazi, akanikanda kuanzia begani mpaka kwenye vidole, taratibu, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Mikono yake ilikuwa ya moto.

Tangu hapo imepita miaka ishirini na mitatu. Ugonjwa haukurudi. Nina duka la baiskeli, nina mke mwenye ulimi mkali, na kila mwaka, siku ileile, saa tano na robo, Shangazi alikuwa akinipigia simu kuuliza kama mtoto anasumbua. Wazazi aliendelea kuwakanda, ila kila aliyetoka hospitali na karatasi, alimwambia amsomee mstari kwa mstari, naye akatazama kidole. Mwaka huu simu haikupigwa, kwa sababu alikuwa kitandani, katika chumba hikihiki cha uani, na nilikuwa nimeketi kwenye kibao chake nikimkanda miguu. Saa ilipofika nilimwambia mwenyewe kwamba mtoto hajambo. Alifungua macho, akasema, "Mtulivu," akayafumba.

Aliondoka kwa amani wiki ile. Mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, kwa hiyo tulioshuka ni wanawe wawili wa kiume na mimi. Ile karatasi ya India ilikuwa imenikataza udongo, na kwa miaka mingi nimebaki na tabia ya kunawa mikono nikigusa hata chungu cha maua. Siku ile nilisimama ndani ya udongo mpaka magotini. Niliinyoosha mikono, wakanipa, nikampokea. Alikuwa mwepesi mno. Nilishukuru kwa machozi kwamba nina nguvu za kumbeba, na kwamba nguvu hizo yeye ndiye aliyezilea.

Wiki iliyopita jamaa wa Moa walitaka arobaini isogezwe nyuma mpaka Jumapili, siku mbili kabla, watu wasikose kazi. Niliwaambia haisogezwi. Arobaini ndiyo arobaini. Walishangaa kwa nini mimi, mtu wa utani, nimekuwa mkali. Mia nayo nitamhesabia kimyakimya, peke yangu.

Sasa wameadhini alasiri, tumeswali, majamvi yametandikwa uani na juzuu zinagawiwa. Mwanahamisi ametokeza kwenye dirisha la chumba cha uani, walipo wanawake, ananitazama kuona kama nimekaa. Mimi husoma haraka, watu wananijua, na mara nyingi kwenye hitma za watu humaliza wa kwanza nikawahi kahawa. Leo imeniangukia juzuu ya nne. Nimeifungua, nimeweka kidole chini ya mstari wa kwanza, nami nitakwenda nao mmoja mmoja mpaka wa mwisho, hata nikibaki peke yangu jamvini. Kuna mtu anakitazama kidole changu, na safari hii hakiruki.